Ndoo ya Mbegu ya Baba Fidencio Yescas

Ni mwaka mzima leo, Baba, tangu ulipotuacha ukiwa umekaa kwenye kiti chako cha kamba, uji wako wa mahindi ukiwa bado moto kwenye kikombe. Mama alikuja kukuuliza kama unataka sukari zaidi. Hukujibu, akadhani umemnunia, akakusema kidogo kabla ya kujua. Mpaka leo anajilaumu kwa maneno yale machache.

Jina lako kamili lilikuwa Fidencio Yescas Bautista, lakini hapa kijijini Yabeló hakuna aliyelitumia lote isipokuwa karani wa kijiji. Watoto wa shule walikuita Babu Fidencio, hata wale ambao babu zao wa kweli walikuwa hai na wakaona wivu. Kwa miaka kumi na minne, kila Ijumaa, ulikuwa na darasa lako la mahindi kwenye shamba dogo nyuma ya shule. Hukulipwa. Hata chakula cha mchana ulikataa, ukasema watoto wakikuona unakula watadhani somo limekwisha.

Ulikuwa na mchezo mmoja ambao wewe ulishinda kila mara, na watoto hawakuchoka kushindwa. "Nitajieni kitu kimoja nyumbani kwenu ambacho hindi halijakigusa."

"Moto!"

"Moto mnawasha na nini? Si magunzi?"

"Dawa!"

"Bibi yako akiumwa figo huchemshiwa nini? Ndevu za mahindi. Mwingine!"

"Ng'ombe wetu!"

"Anakula mabua, tena anayaiba kwangu."

"Mwanasesere wangu!"

"Mama yako alimtengeneza kwa maganda, nilimwona kwa macho yangu."

Siku moja Zenaida, binti wa jirani yetu Florentina, mtoto wa miaka tisa asiyejua kuogopa mtu, akasema, "Meno yako, Babu." Ulicheka mpaka ukajishikilia kwenye uzio. "Hayo nayo," ukamwambia, "yameishia kwenye mahindi ya kuchoma."

Uliwafundisha kupukuchua kwa mkono ili wasiivunje punje. Uliwafundisha kwamba punje za ncha na za kitako huenda chunguni, na za katikati ya gunzi, zilizolingana ukubwa, ndizo mbegu. Ukiangusha punje unaiokota na kuiomba radhi, na hapo hukutaka mzaha. Uliwaonyesha pia namna ya kuyatambua mahindi ya duka: yetu yana kichwa cha mviringo, yale yana kishimo kichwani, kana kwamba mtu ameyabonyeza kwa ukucha. "Hayo tunakula yetu yakiisha," ulisema, "lakini hatuyapandi. Mahindi yanaoana kwa upepo. Ukipanda ya duka, mwakani jirani anavuna machotara na hakuna aliyemposea."

Watoto walicheka, lakini jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha. Mkutano wa kijiji ulikwisha kuamua kwamba atakayepanda mahindi ya nje kwa kujua atanyang'anywa kipande chake cha ardhi ya kijiji kwa miaka mitatu. Anayekosea husamehewa. Anayejua hasamehewi.

Sasa nifike mahali ambapo nimepakwepa mwaka mzima. Mimi ninayeandika ni Eustolia, binti yako, na ninaandika ili wote wasome.

Mwezi Mei mwaka jana, wiki ya kupanda, tulikuwa na wageni wa ubatizo wa mtoto wa Wilfrido, ndugu yangu. Ghala letu lilikuwa limekwisha tangu Aprili na tulikuwa tunakula ya duka. Jikoni kulikuwa na ndoo mbili za buluu zilizofanana. Moja ilikuwa na mahindi ya duka, ya kula. Nyingine uliiweka karibu na meko, moshi uipitie, na ndani yake kulikuwa na mbegu ya darasa, mbegu uliyorithi kwa mama yako. Ulikuwa umeipukuchua punje kwa punje siku nne. Kwetu mwaka ule haikuwepo nyingine.

Jioni ya Jumatano, nikiwa na haraka na watu kumi na wawili wa kulisha, nilichukua ndoo bila kutazama, nikaimimina chunguni, nikatia maji na chokaa ya kulainisha mahindi ya kusaga, nikachochea moto. Asubuhi niliposuuza ili nikasage, nikaona punje zote zimelingana. Hakuna ndogo ya ncha, hakuna nene ya kitako. Nilikaa chini sakafuni. Punje iliyopikwa na chokaa haioti, hilo hata mtoto wa Yabeló analijua.

Ningekuja kwako saa ile ile ungenitukana, ungevaa kofia, ungeenda kwa Florentina kuomba mbegu, maana ni wewe uliyempa yake. Mambo yangeisha hivyo. Lakini niliona aibu, Baba. Binti wa Fidencio kupika mbegu! Nilikisikia kicheko cha wanawake pale mashineni kabla hata hawajacheka. Basi nikasaga ile mbegu, nikawapikia wageni, wakaila na kuisifu. Ile ndoo ya mahindi ya duka nikaisogeza karibu na meko, mahali pa ile nyingine, nikaifunika kwa kitambaa chako. Nilijiambia ni mistari minane tu ya watoto, nani atatazama.

Ijumaa ulibeba ndoo mwenyewe. Mimi nilikufuata na kikapu cha tortila, mikate yetu ya mahindi. Watoto kumi na tisa walikuwa wamejipanga na miti yao ya kupandia. Mzee Abundio, mwenyekiti wa kamati ya shule, alikuwapo pia, kofia mkononi, kwa sababu kila mwaka siku ya kwanza huja kuona. Mawingu yalikuwa yameshuka mpaka paa la kanisa. Macho yako hayakuwa mazuri tena asubuhi, na ulikuwa unaongea huku unagawa, kiganja kwa kiganja, bila kutazama. Punje nne kila shimo. Mstari wa kwanza ukaisha, wa pili, wa tatu. Nilianza kuamini kwamba nimepona.

Kisha Zenaida akanyanyua mkono. "Babu, mbona haya yana kishimo kichwani?"

Ukamwambia aache utani. Akakuletea punje mpaka puani. Ukaishika, ukaigeuza, ukaing'ata. Halafu hukumtazama yeye, wala Abundio. Ulinitazama mimi, na mimi nikatazama kikapu.

"Fidencio," Mzee Abundio akasema polepole, "hayo si ya duka?"

"Ni ya duka."

"Na mbegu iko wapi?"

Nilifungua mdomo. Nakuapia nilifungua. Lakini wewe ulitangulia. "Mbegu nimeipika," ukasema. "Juzi. Nilidhani ni ya chakula, nikaitia chokaa."

"Wewe? Wewe ulitia mahindi chokaa?"

"Mimi."

Watoto wakubwa wakacheka, maana hapa kwetu mwanaume hatii mahindi chokaa, hata awe amefiwa na mke. Abundio hakucheka. Alikutazama kwa huruma, na huruma ile ilinichoma kuliko kama angekupiga. Akakuwekea mkono begani. "Basi kaa chini, kaka. Kaa upumzike."

Hukukaa. Uliwapanga watoto kwa magoti na kuwaambia wafukue kila shimo, punje nne kwa kila shimo, na asiyezipata nne akuite. Matone ya mvua yalikuwa yameanza. Kama udongo ungelainika na mashimo kufumbana, zingebaki chini, na mashamba yote ya upande ule yangeingia hatarini. Ulikuwa unapita nyuma yao unahesabu kwa sauti. Katika mstari wa tatu shimo moja lilitoa tatu tu. Zenaida alichimba mpaka kwenye kiwiko, akaipata ya nne kwenye alama ya zamani ya kwato ya ng'ombe, akaishika juu na kulia kwa hasira. Mvua kubwa ilishuka tukiwa tumeshafika barazani pa shule.

Nyumbani nilianza kusema, ukanikatiza. "Ulijua ulipoifunika ile ndoo?"

"Nilijua, Baba."

"Basi nyamaza. Mimi nikikosea ni uzee. Wewe ni ardhi miaka mitatu, na una mtoto wa kulisha."

"Watakuona umechanganyikiwa."

"Wanione. Mimi nimebakiza muda kidogo. Wewe bado utaishi na hawa watu."

Mama alikuwa mlangoni, alisikia yote. 

Siku tano baadaye kamati ilikuja kwa heshima, na chupa ya pombe ya mkonge na maneno mazuri. Walikushukuru kwa miaka kumi na minne. Walisema mzee amechoka, kichwa kinahitaji kupumzika, darasa litashikwa na mwalimu kijana. Ulijibu, "Haya." Mimi ndiye niliyewamiminia vikombe. Sitaki kujisamehe kwa hilo.

Ijumaa iliyofuata watoto walipanda mbegu iliyotoka kwa Florentina. Kutoka kwenye kiti chako ulisikia sauti zao. Baada ya hapo kijiji kizima kikaanza kukulea. Dukani walikueleza chenji yako mara mbili, kwa sauti ya juu. Mtu uliyemfundisha kushika jembe alikuuliza njiani, "Babu, unanikumbuka mimi ni nani?" Ukamjibu, "Wewe ni mjinga wa Hipólito, na hukupalilia maharage yako." Akaenda kusema masikini, bado ana siku zake nzuri.

Ni Zenaida peke yake aliyekataa. Mama yake alimwambia asikusumbue, naye alikuja kila jioni akitoka shule, akasimama nje ya uzio na jani lililoliwa na mdudu, au hindi lililoota ukungu mweusi, kukuuliza kama unaliwa au unatupwa. "Unaliwa, tena ndio mtamu," ulimwambia, "mpelekee mama yako aukaange na kitunguu." Siku moja alikukazia macho. "Babu, wewe hukuyapika yale mahindi. Hujui hata chungu cha chokaa kinakaa wapi." Mimi nilikuwa napalilia karibu, nikajifanya sisikii. Ulimwambia aende nyumbani, mvua inakuja. Mbingu ilikuwa kavu.

Ulikufa mahindi ya watoto yakiwa yamefika kiunoni. Kwenye mazishi walikusifia sana, na kila aliyesimama alisema angalau mara moja kwamba mwishoni akili zilikuwa zimekuacha. Padri naye akalisema. Nilikuwa mstari wa mbele, nimevaa nyeusi, nikaitikia Amina.

Kwa mwaka huu mzima nimepanda kwenye ardhi uliyoniokolea kwa kulitoa jina lako jema. Nimevuna. Mwanangu ameshiba. Na kila mtu anaponiambia "mzee wako alikuwa mwema, pole kwa ile hali yake ya mwisho," nimesema asante.

Sisemi tena. Mimi Eustolia Yescas niliitia mbegu chokaa. Hilo lilikuwa kosa. Kisha niliweka mahindi ya duka mahali pake nikijua ni ya duka, na hilo halikuwa kosa. Baba yangu alijua tangu alipoing'ata ile punje, na alidanganya mara moja tu, kwa ajili yangu. Mzee Abundio, ulimtendea kwa upole, lakini ulimwondoa mtu mwenye akili timamu. Ninaomba kamati iliandike hilo kwenye daftari la shule, pale pale ilipoandikwa kwamba alipumzishwa kwa sababu ya uzee. Jumapili baada ya misa nitasimama mbele ya mkutano wa kijiji. Ardhi wakiichukua, waichukue. Ndugu yangu Wilfrido amekasirika, anasema nilipaswa kungoja mavuno. Kungoja ndiko kulikonifikisha hapa.

Nilimsomea Mama karatasi hii mara mbili. Mara ya kwanza alilia. Mara ya pili alisema, "Ipeleke sasa hivi, kabla hujaogopa tena." Itabandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji na itasomwa kwenye kipaza sauti kabla ya rozari ya mwaka, saa kumi jioni, nyumbani kwetu. Tamali zipo, zimefungwa kwenye maganda ya mahindi, uji upo, na mahindi ni yetu.

Wanaokukumbuka ni mkeo Macaria, wanao Eustolia na Wilfrido, mkweo Amparo, wajukuu zako Eleazar na Rosenda mdogo, jirani yako Florentina, na Zenaida, aliyeomba jina lake liwekwe pamoja na la familia, nasi tukaona ni haki yake.

Daima tutakukumbuka, Baba, ukiwa na akili zako zote.