Umemwona Wapi Leo?

Baba,

Majilio yameingia tena, majuma ya kungoja Krismasi, nawe una karibu mwaka kaburini, kwa hiyo leo nitasema mimi na wewe utanyamaza.

Unakumbuka Changamwe, chumba chetu nyuma ya kiwanda? Ulikuwa katekista, mwalimu wa dini wa kigango chetu, na kila jioni ya Majilio ulikuwa ukiwasha mshumaa juu ya kifuniko cha mkebe, mama akiipua sima, kisha unatuuliza: "Umemwona Mungu wapi leo?" Asiyemwona hapewi sima. Ulisema Mungu yumo katika mambo ya kila siku, ni macho yetu tu ndiyo mavivu.

Macho yangu hayakuwa mavivu, baba. Njaa iliyafungua vizuri sana. "Nimemwona kwa yule mama aliyeniachia zamu ya maji bombani." Uongo mtupu. Yule mama alinisukuma nikamwaga ndoo nzima. Wewe ukalengwalengwa na machozi, na Jumapili ukawasimulia waumini jibu langu. Sijapata kuona mtu rahisi kudanganywa kama wewe.

Wakesho, mdogo wangu, alikuwa na miaka minane na hakujua kudanganya. "Leo sikumwona, baba." Siku tatu mfululizo alisema hivyo, na siku tatu alilala njaa. Ya nne akaanguka paredi shuleni. Ukasema ana kichwa kigumu. Sima yake niliila mimi.

Sasa nikwambie la mwaka jana. Ulipolazwa, koo limeziba, ni Wakesho aliyekupikia uji kila asubuhi kule kwake Mtopanga. Siku ile ya mwisho nilimkuta akiuchuja mara ya pili, akiuonja kwa ncha ya mdomo usije ukakuunguza, wewe uliyemnyima sima. Nilisimama mlangoni nikamwona Mungu. Sikutunga. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu.

Nikakuletea uji huo wodini. Ukanishika mkono, sauti imekwisha: "Umemwona wapi leo, mwanangu?"

Jibu nilikuwa nalo, bado la moto ndani ya chupa ya uji.

"Sikumwona, baba."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Ukageukia ukutani, uji ukaukataa. Jioni ukafa. Nilidhani siku moja nitajuta. Nimengoja hadi leo, majuto hayaji, na hilo ndilo linaloniogopesha.

Jana nilikwenda kwa Wakesho. Amewasha mshumaa juu ya kifuniko kilekile, hana kinyongo, mjinga yule. Hakuniuliza Mungu nimemwona wapi. Aliniuliza tu, "Dada, baba alisemaje siku ile?"

"Alisema uji wako mtamu. Akaumaliza wote."

Akafuta machozi kwa kanga, akaniongeza sima. Nikaila yote.

Ni mimi binti yako mkubwa, yule ambaye hakulala njaa hata siku moja.