Pete ya Mlingoti wa Soud

Wawi, Pemba
Alkhamisi, 14 Septemba 1961

Kwa dada yangu mpenzi, Bi Mwatum,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji Soud na watoto wote watatu. Kifua cha Mwanawema kimepoa? Mama hajambo, isipokuwa ananung'unika kila siku kwamba tangu uolewe Makangale umemsahau. Mke wangu Mize anakusalimu sana. Mimi ndiye nisiyekula nikashiba, na sababu yake utaiona. Nimeandika kwa herufi za Kiarabu, kama tulivyofundishwa chuoni, ili usome mwenyewe bila kumpa mtu akusomee.

Nianze na ombi, nisije nikalizunguka. Jumatatu msipande ile mashua kwenda harusini Kiuyu. Usipande wewe, wasipande watoto, na Soud asipandishe tanga.

Unajua mumeo alivyo akipenda kitu. Aliiona mashua ya Bwana Shamba kule Wete, ina vyuma vya shaba kila pahala, basi naye mashua yake ya kamba na miti ikamtia haya. Akanijia na vipimo alivyovichora kwa mkaa juu ya kipande cha ubao. Alitaka vishikio vinne vya kufungia kamba, na pete moja nene ya kukaa juu ya mlingoti, ishikilie kapi ya kupandishia tanga. Alisema wenzake wa chama chao walimlaumu kwa kuleta kazi Wawi, kwa mtu wa chama chetu, naye akawajibu kwamba Nyange ni shemeji yake na hawezi kumfanyia ubaya. Nilifurahi, dada. Tangu uchaguzi watu wananipita kibandani kama wanapita kaburini.

Vishikio vilitoka vizuri, hata mimi mwenyewe nilivishangaa. Kwenye pete shaba haikunitosha. Nilikwenda Chake kwa yule mzee muuza vyuma chakavu, tuliyezoeana naye miaka. Safari hii aliniambia mbele za watu kwamba mali yake haiuzi kwa watu wa chama changu, niende kwa wenzangu. Watu wakacheka. Nikarudi na hasira zangu, nikang'oa kitasa cha shaba cha mlango wetu, nikakiyeyusha. Lakini nilikuwa nimeshamimina nusu ya kwanza, nayo imeshapoa. Shaba iliyopoa haishikani na ya moto, hilo fundi yeyote analijua. Nilimimina hivyo hivyo.

Pete nikaipiga tupa, nikaisugua kwa majivu na ndimu mpaka ikang'ara. Kwa macho huoni kitu. Nilipoigonga kwa nyundo, haikulia. Ilitoa sauti ya chungu kilichopasuka. Nikajua mle ndani imeachana, na nikaiweka kando niiyeyushe na kuisubu upya.

Asubuhi ya pili yake Soud akatokea kabla sijamaliza chai. Akaiona inang'ara, akaibusu, akaitia kikapuni pamoja na vishikio. Akanikumbatia na kusema hakukosea kuniamini. Akaondoka. Sasa nasikia ameshaifunga mlingotini, na kwamba nyinyi wanawake na watoto mtakaa papo hapo chini yake, penye kivuli cha tanga. Upepo ukilijaza tanga, pete ile itafunguka, na tanga na mti wake vitawaangukia vichwani. Kila nikifumba macho namwona Mwanawema.

Utaniuliza kwa nini sikuja mwenyewe. Jumanne nilikwenda mpaka penye gari, nikakaa, nikarudi. Niliogopa. Nikimwambia Soud pete ina ufa, wenzake watasema nilikusudia, kwamba watu wa chama chetu tumeanza kuua watu kwa vyombo vyao. Naye wanaweza kumshikilia mpaka akuache. Wangapi tumeona wameachwa mwaka huu kwa siasa tu?

Lakini hayo si yote, dada, na hili lililobaki sijamwambia hata Mize. Soud alipoitia pete kikapuni, nilikuwa na nafasi ya kusema. Mdomo niliufungua. Nikakumbuka kile kicheko cha Chake, na kwamba wale waliocheka ndio wenzake, na moyo wangu ukasema mwache aende. Ilikuwa kitambo kidogo sana. Nimejiuliza tangu siku ile kama nilinyamaza kwa woga au kwa chuki, na jibu silipati. Naogopa watu wataniita muuaji. Naogopa zaidi kwamba sitakuwa na la kuwajibu.

Nilipoanza kuandika nilitaka nikuombe uichome barua hii na umzuie Soud kwa hila, useme mtoto mgonjwa. Sasa naona hila haifai, kwa sababu akikosa kwenda Jumatatu atakwenda siku nyingine. Mpe aisome yote, hata hapo penye chuki. Akija juu, usinitetee.

Barua naileta kwa mkono wa Bi Mwanabaraka mkunga, kwani yeye peke yake gari za pande zote mbili bado humpakia. Wabusu watoto wote kwa niaba yangu. Mama anakuombea dua, naye hajui lolote.

Wasalaam,
Ndugu yako akupendaye,
Nyange bin Othman