Maji ya Kisima Kipya na Meno ya Naisula

Terrat,
Arusha.
14 Septemba, 2024.

Mpendwa mdogo wangu Elinami,

Uniwie radhi kwa kimya changu cha miezi saba. Sina udhuru wa kutosha. Hali yako ikoje huko Songea? Goti limepona? Sisi tu wazima. Mlima Meru hufunikwa na mawingu kila asubuhi, lakini mvua bado.

Mwezi Machi nilichaguliwa kuwa mwenyekiti wa kamati ya maji. Kisima kirefu kimekwisha kuchimbwa na pampu imefungwa, ila sijatoa ruhusa kitumike. Maji yalipimwa Juni, baada ya masika, yakaonekana salama. Tulipoyapima tena Agosti, tukaambiwa yamezidi kiwango cha yale madini yanayotia meno ya watoto ukahawia. Tuamini kipimo kipi?

Wakati huohuo wanawake hutembea saa nzima kufuata maji ya kijito, na wiki iliyopita watu wanne waliugua kuhara.

Kikaoni, Kandida, auzaye mboga katika soko la Kwa Mrombo, alisema, "Mwenyekiti, ukingoja uhakika utatukuta tumekauka kama dagaa."

Sadoki, fundi wetu wa pampu, akamwunga mkono: "Mimi nayanywa wiki ya pili sasa, sijaona kitu."

"Sadoki, usinitetee," Kandida akamjibu. "Meno yako ni ya kahawia tangu kisima cha zamani. Utaona nini kipya?"

Tulicheka sote, hata Sadoki.

Tangu siku hiyo najiuliza: kosa lipi tutaweza kulirekebisha? Bomba lililofunguliwa leo hufungwa kesho. Jino lililoota na doa halitakati tena. Pengine watu wazima wayatumie, watoto watafutiwe mengine. Lakini mjukuu wangu Naisula, mwenye miaka minne, hunywa kikombe chochote akionacho. Nani atamlinda?

Majibu ya kipimo cha tatu yatakuja Alhamisi. Nimewataka wajumbe waandike mapema wataamua nini kwa kila jibu, ili tusije tukayasoma tupendavyo. Karatasi zote zimerudi isipokuwa yangu.

Wewe ulikuwa muuguzi katika zahanati isiyo na daktari. Uliamuaje kabla ya kuujua ugonjwa? Nijibu bila kunionea haya.

Msalimie shemeji Sophia, na umwambie Derick asome kwa bidii. Mungu awafunike kwa amani yake. Naisula anakuamkia shikamoo. Meno yake ya utotoni yangali meupe.

Nitakuandikia tukishaamua, hata kama nitakuwa nimekosea.

Kaka yako akupendaye,
Ndesanjo