Vitunguu Saumu Vilivyopandwa Kichwa Chini

Jumatatu, mwisho wa Novemba. Mawingu mazito, upepo wa baridi, na mimi sina raha hata kidogo.

Shajara, leo usitegemee maneno mazuri. Naandika kwenye simu, ndani ya gari, nje ya hospitali hapa Fort Worth, na kucha zangu bado zina udongo. Kuna mtu huko ndani anasubiri nimpelekee kahawa. Nashindwa kushuka.

Nianze na bustani, maana huko ndiko nilikoharibu.

Huu ni mwaka wa pili namhudumia bibi mmoja wa hapa Texas. Nimwite Bibi Lorene, majina yote humu nimebadilisha. Ana miaka themanini na nne, anaishi peke yake shambani, mwendo wa saa nzima kutoka kwangu Grand Prairie. Kazi yangu ni kumwogesha, kumpikia, kuhakikisha amekunywa dawa, halafu jioni kuiandikia kampuni ripoti. Lakini muda mwingi tuko bustanini. Yeye anakaa kwenye kiti na fimbo yake, anaamrisha, mimi nachimba. Mimi mtu wa Njombe bwana, udongo siuogopi. Msimu huu majani yameshapukutika, viazi vitamu tumeshavitoa, zimebaki kabichi na figili. Nikiinama kwenye matuta yale ndiyo napata nafasi ya kuwaza mambo yangu: watoto wanaonijibu kwa Kiingereza, miaka inavyokwenda. Naipenda ile bustani kuliko sebule yangu.

Alhamisi niliingia ndani kuchukua mashuka ya zamani, tufunike mboga zisiungue na baridi. Dakika tatu tu. Kutoka, namkuta yuko chini, kisogo kimegonga tofali la pembeni ya tuta. Hakukuwa na damu. Alikuwa anacheka, jamani, anacheka kwa aibu. Nikamwinua, nikampangusa majani mgongoni. Akanikamata mkono.

"Usimwambie Dale. Atanitoa hapa."

Dale ni mwanawe wa pekee, yuko Houston. Alishasema mama yake akianguka tena, anampeleka kwenye nyumba ya wazee.

Nikasema, "Sawa, Bibi."

Hivi kweli? Mtu anakunywa dawa za kufanya damu iwe nyepesi, amegonga kichwa, na mimi niliyesomea kazi hii nikapewa na cheti, nasema sawa! Sikusahau sheria. Ni vile nimelelewa: mtu mzima akikushika mkono akakuomba, humkatalii. Nilimsikia kama bibi yangu, sikumsikia kama mgonjwa. Kwenye ripoti nikaandika: siku njema, amekula vizuri.

Ijumaa alikuwa mzima kabisa, tukataniana. Wikiendi siendi kazini, jirani ndiye huwa anapita kumwangalia. Jana kanisani wenzangu wanaimba, mimi nimekaa tu, nafsi inanisuta.

Na mimi ndiye mtu wa mwisho aliyepaswa kufanya jambo hili. Mama yangu alipopooza, kaka yangu Festo alinificha miezi mitatu. Kila nikipiga simu, Mama amelala, Mama kaenda kwa jirani. Eti waliogopa nitachanganyikiwa, niko mbali, niko peke yangu. Nilipokuja kuambiwa, Mama alikuwa amebakiza siku mbili za kuishi. Nilifika Njombe nikakuta wameshazika. Nilimtolea Festo maneno mbele ya wazee wa ukoo ambayo mpaka leo sijamwomba radhi. Nilisema mtu anayemficha mtoto habari za mama yake hana utu.

Nilisema mimi, kwa mdomo huu huu.

Leo asubuhi nimemkuta Bibi yuko bustanini tayari, koti juu ya gauni la kulalia, anapanda vitunguu saumu. Nikafurahi, nikajua yuko vizuri. Nikainama kuangalia. Punje zote zimechomekwa ncha chini, kitako juu, tuta zima. Mwaka jana huyu huyu alinichapa mkono kwa kukosea punje moja! Nikamuuliza taratibu, Bibi, mbona hivi? Akaniangalia, akauliza kama mume wake ameshakunywa kahawa. Mume wake alikufa kabla mimi sijakanyaga nchi hii.

Nikapiga simu ya dharura, kisha nikampigia Dale. Nikasema tu mama yako ameanguka bustanini, amegonga kichwa, gari la wagonjwa linakuja. Hakuuliza lini. Na mimi sikusema.

Daktari nimemwambia ukweli. Wameona damu imevuja kichwani, polepole, kwa siku kadhaa. Wamempeleka kwenye upasuaji.

Saa tisa Dale akafika, ame-drive kutoka Houston bila kusimama. Libaba zima, limenikumbatia linalia kama mtoto. Akasema Mungu ndiye aliyenileta kwa mama yake. Akasema wengine wangeficha kulinda kazi yao, lakini mimi nimepiga simu pale pale. Pale pale! Nafasi nilikuwa nayo, mdomo ulikuwa wangu. Nikamwambia, ngoja nikuletee kahawa.

Kahawa imeshapoa.

Nimejidanganya hapa kwamba daktari atamwambia, yaishe. Atamwambia, ndiyo. Hata Festo hakunipigia mwenyewe, alimwachia mchungaji, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Kazi itaondoka, hilo najua. Cheti nacho wanaweza kuninyang'anya. Ila kinachonitisha zaidi ni kumtazama yule mtu usoni wakati anaelewa kwamba siku nne nzima mama yake alikuwa anavuja damu, na mimi nilijua ameanguka, nikaandika siku njema.

Na Bibi, akiamka, atajua nimevunja ahadi niliyompa. Akifa, nitajua niliitunza siku nne zaidi ya ilivyofaa.

Naiweka hii mtandaoni kabla sijafungua mlango, nisije nikabadili mawazo kwenye lifti. Sina hotuba. Nitampa kahawa yake iliyopoa, nimwambie: Dale, ilikuwa Alhamisi.

Nashuka.