Nilijaribu Baiskeli Mpaka Langoni kwa Baba

Jumapili, jioni. Upepo umevuma Kitengela mchana kutwa, na vumbi limeingia hata kwenye sahani nilizofunika. Nami situlii. Nimeketi, nimesimama, nimefagia chumba hiki zaidi ya mara moja, na bado miguu inataka kwenda mahali.

Acha niandike, labda nitatulia.

Kwa wiki kadhaa sasa kichwa changu kimejaa baiskeli. Si baiskeli hivi hivi, ni ile ya matairi manene, mapana kuliko kiganja changu. Kutoka lami mpaka hapa kwenye ploti ni udongo mweusi mtupu, na mvua ikinyesha nafika kazini, kwenye duka la dawa, nikiwa nimebeba nusu ya shamba la mtu kwa viatu. Kiangazi nacho kinaleta mchanga unaomeza tairi nyembamba. Halima, jirani yangu anayeuza nguo, aliona picha kwenye simu yangu akacheka mpaka akashika mlango.

"Hiyo ni baiskeli ama ni trekta? Na ikikuangukia nani atakuinua?"

Mfuko wangu ni mwepesi, kwa hivyo nilifanya utafiti kama mtu anayetafuta mchumba. Nilisoma maoni ya watu mtandaoni mpaka macho yakauma. Nilichogundua ni kwamba kwa bei ninayoiweza, kila urembo ulioongezwa umepunguzwa mahali pengine, na mara nyingi umepunguzwa kwenye breki. Zile springi za mbele zinazovutia macho ni za kupigia picha tu. Gia nyingi zinaanza kuruka kabla hujazizoea. Bora fremu ya kawaida, gia chache, breki za kweli, na tyubu ambayo fundi wa mtaani anaweza kukupatia ikitoboka. Hapa kwetu itatoboka tu, miiba ni mingi kuliko watu.

Mwishowe zilibaki mbili. Kulikuwa na nyekundu, mpya, yenye springi, katika duka karibu na ninapoishi. Na kulikuwa na ya kijivu, iliyotumika, Kajiado mjini, ikiuzwa na fundi wa pampu za maji aitwaye Mutua ambaye goti lake limekataa kazi. Nilimwambia Halima kwamba ninaenda Kajiado kwa sababu ile ya kijivu ina thamani zaidi. Huo ni ukweli.

Lakini si ukweli wote.

Baba yangu anaishi Kajiado, ndani kidogo ukitoka mjini, na sijakanyaga kwake tangu Krismasi ya mwaka juzi. Siku hiyo nilifika na unga na sukari nikakuta nyumba ya marehemu mama haipo. Alikuwa ameuza kile kipande cha shamba kinachoangalia barabara. Mnunuzi alishabomoa na kuweka waya. Sisi mabinti hatukuambiwa neno. Ndiyo nyumba nilimozaliwa. Nikaweka ule unga chini, nikageuka, na tangu hapo hanipigii simu wala mimi simpigii. Tunafanana hivyo, kwa bahati mbaya.

Basi jana nikafika kwa Mutua. Baiskeli ilikuwa imeegemea tangi la maji, mbaya wa sura, rangi imechunika. Nilizungusha pedali, nikabana breki. Ya nyuma ilikuwa imelegea kidogo. Mutua alipoona nasitasita akapunguza upepo kwenye matairi ili yashike mchanga, akanisukumia.

"Madam, hii kitu hainunuliwi na macho. Panda, enda mbali mpaka uichoke. Niachie tu ID."

Kwenye lami ni nzito jamani, na inavuma kama nyuki waliofungiwa. Kwenye mlima mdogo wa kwanza mapaja yalinitukana. Nikajiambia lazima niijaribu kwenye mchanga, nikaingia njia ya vumbi. Halafu nikajiambia nijaribu mawe. Halafu korongo kavu, mahali ambapo kila baiskeli niliyowahi kupanda ilinimwaga. Hii ilipita tu, polepole, ikizama kidogo na kutoka. Nilicheka kwa sauti, peke yangu, kama mtoto. Sikumbuki ni lini mara ya mwisho nilifurahi hivyo kwa kitu cha bure.

Ila mchanga uko kila upande wa mji. Mawe pia. Mimi nilichagua mchanga na mawe ya njia ya kwa baba.

Nilisimama langoni, pale penye uwazi katikati ya ua wa miiba. Nilishusha mguu mmoja tu. Redio yake ilikuwa inaongea ndani. Moshi ulikuwa unatoka. Mbwa alikuja, akaninusa, akakosa la kubwekea akalala. Nilihitaji tu kupiga hodi. Badala yake nilitazama kule kwenye waya wa mnunuzi, nikageuza baiskeli.

Nilimrudishia Mutua nikamwambia bado naifikiria ile breki ya nyuma, nitamjibu Jumatatu. Breki ya kukaza kwa spana moja! Usiku mzima nikajigeuza kitandani nikilinganisha nyekundu na kijivu, na kila nikilinganisha nilikuwa naisikia ile redio.

Leo nimetoka kanisani tu, simu ikalia. Baba.

Tunaongea Kimaa mimi na yeye, lakini nitaandika kwa Kiswahili. Hakunisalimia salamu ndefu za siku zote. Aliniuliza, "Kile ulichokuja nacho jana ni kitu gani?"

Nikamuuliza nani amemwambia nilikuja.

Akasema kuna alama pana inatoka barabarani, inafika langoni, inageuka. Ameizunguka, ameifuata mpaka korongoni, na katika maisha yake hajaona mnyama wala gari la kuacha alama kama ile. "Hiyo siijui," akasema. "Lakini mguu uliokanyaga kando yake naujua."

Mguu wangu wa kushoto umepinda kwenda nje. Nilivunjika nikiwa mdogo, ng'ombe alinikanyaga, na mtu aliyenibeba mgongoni mpaka hospitali ni yeye. Baba husoma nyayo kama mimi ninavyosoma karatasi za madaktari. Mimi, mtoto wake, nilienda kwake kwa siri nikasahau nimezaliwa na nani.

Nilingoja anigombeze. Nilingoja pia, niseme ukweli, aniombe msamaha kwa ile nyumba. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliuliza kama kile kitu ni kizito. Nikasema ni kizito. Akauliza kinapitaje kwenye mchanga bila kuzama. Nikamweleza kuhusu upana, na kwamba upepo unapunguzwa. Akasema, "Kama mguu wa ngamia, basi." Nikasema ndiyo, Papa, kama ngamia. Tukaongea habari za matairi, mimi na baba yangu, baada ya kimya chote hicho. Kisha akakohoa, akasema simu imeshika moto, akampa mke wake.

Mama Lemayian ni mke mdogo, mzaliwa wa Rombo, na mimi na yeye huongea Kiswahili cha soko. Alisubiri kwanza baba aondoke.

"Wewe Naserian, kuja tu. Huyu mzee jana alikata miiba akazungushia hapo kwa gate. Hiyo alama ya mguu yako. Ati ng'ombe isikanyage. Hata mbuzi hakuna. Sasa sisi wote tunapitia nyuma kwa choo, na wageni pia, na yeye hataki kusema ni nini iko hapo."

Nilikata simu nikakaa kwenye ndoo. Nikalia, halafu nikacheka, halafu nikalia tena.

Bado nina hasira. Nataka hilo lieleweke. Nyumba ya mama haitarudi, na sidhani kama ile sentensi ninayoingoja itawahi kutoka mdomoni mwake. Lakini mzee yule ameulinda mguu wangu kwa miiba, hajui kama nitarudi, na mimi nimekaa hapa nikijifanya nachagua rangi.

Nimemwandikia Mutua kwamba naichukua ya kijivu, na breki yake vile ilivyo.

Kesho naomba ruhusa kazini. Boma zima haliwezi kuendelea kupitia nyuma ya choo kwa sababu yangu.