Upande wa Kulia Kimya

Jumapili, katikati ya Novemba. Kitaji, Musoma. Huu ni mwezi wa tisa tangu nitoke Kasulu.

Asubuhi wale wadudu wadogo wa ziwani walipanda juu kama moshi wa moto ambao hakuna aliyeuwasha. Wakasogea taratibu kuja mjini. Mama mwenye nyumba akafunga madirisha yote, na tangu hapo humu ndani hewa ni nzito. Mvua inatishia toka jana na hainyeshi.

Sikuwa na hamu ya kuandika leo. Naandika kwa sababu nikilala bila kuandika, kesho nitajidanganya kwamba hakuna kilichotokea.

Kwa asiyenijua, mimi ni kibarua kwenye machimbo ya mawe, njia ya Nyegina. Nalisha mashine ya kusaga kokoto. Shule niliishia kidato cha pili. Ukurasa huu nilifunguliwa na Magesa, mpangaji mwenzangu, fundi simu, na kompyuta ninayoandikia ni yake.

Ni kompyuta ya gemu. Feni zake zinawaka taa za rangi kama duka la Krismasi. Magesa anacheza gemu la vita na watu wa mbali asiowajua, na kila siku analalamika kwamba anauawa kwa nyuma. Ndugu yake wa Mwanza akamtumia viboksi viwili vya sauti, vya mtumba. Basi lililovibeba lilikuwa la Sirari, haliingii Musoma, kwa hiyo vilishushwa Bunda. Jana nilikwenda huko na lori la kokoto, nikavichukua, nikarudi navyo mapajani.

Leo baada ya ibada tukavifunga. Magesa alinielekeza kama mtoto wa shule. Kiboksi cha kwanza kinapokea sauti kutoka kwenye kompyuta kwa waya wa USB. Huko ndani bado ni namba tupu, chenyewe kinazigeuza kuwa sauti ya kweli. Kutoka hapo nyaya mbili, nyeupe ya kushoto na nyekundu ya kulia, zinaingia kwenye kiboksi cha pili, ambacho ni amplifaya. Hedifoni zinachomekwa hapo.

Nikamuuliza faida ya mzigo wote huo kwa ajili ya masikio mawili.

"Kaka, huku mtu anakuja kukuua kwa miguu," akasema. "Ukisikia hatua zake mapema, unaishi. Usiposikia, unarudi mwanzo."

Nilicheka. Kicheko hakikufika tumboni.

Mwanzoni hakuna kitu kilichosikika, sauti iliendelea kutokea kwenye spika za kioo cha kompyuta. Magesa akaingia kwenye mipangilio, akaiambia kompyuta itumie kiboksi kipya. Halafu akajibana nyuma ya meza na tochi ya simu kukaza nyaya, akaniambia nivae hedifoni nimpe majibu. Kuna jaribio ambamo mwanamke anasema kwa Kiingereza "kushoto" kwenye sikio la kushoto, kisha "kulia" kwenye sikio la kulia.

Akasema kushoto. Safi, kama amekaa begani kwangu.

Nikasubiri.

Akasema tena kushoto.

"Kulia hakuna," nikamwambia Magesa. Akachomoa waya mwekundu, akaupuliza, akaurudisha. Hakuna. Akaukandamiza kwa kidole gumba. Hakuna. Akaanza kumsema ndugu yake wa Mwanza: "Huyu huwaga ananiletea makopo. Tangu utotoni ananipaga kilichokufa." Akatoka kwenda kuazima waya mwingine kwa jirani.

Nikabaki peke yangu na yule mwanamke.

Sijui nani alinituma. Nilizivua hedifoni, nikazigeuza, ya kulia nikaivalisha sikio la kushoto, ya kushoto sikio la kulia. Kama ugonjwa ungekuwa kwenye waya, kimya kingehama.

Mwanamke aliposema kushoto sikusikia kitu. Halafu, kwa mara ya kwanza leo, nikamsikia akisema kulia. Alisemea kwenye sikio langu la kushoto.

Kimya hakikuhama. Kimya ni changu.

Nikazungusha kitufe cha amplifaya hadi sikio langu zima, la kushoto, likauma. Upande wa kulia akaja mtu kama anayeongea nyuma ya ukuta wa matofali, akiwa amechoka. Chini yake ule mlio kama wa nyenje unaonililia sikioni siku zote, ambao niliwahi kujiambia ni wa nyenje kweli.

Magesa aliporudi na waya, nilikuwa nimerudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Akavaa mwenyewe.

"Mbona zinaongea zote? Umefanyaje?"

"Waya ulikuwa umelegea."

Akanipiga begani. "Fundi wa Kigoma huyu!"

Magesa, najua unausoma ukurasa huu. Waya haukuwa umelegea.

Sasa niseme la Alhamisi, maana bila hilo jambo hili lingekuwa dogo. Pale machimboni, kabla ya kuporomosha jiwe kubwa, mtu wa juu anagonga debe. Sisi wa chini tunakimbilia nyuma ya mashine, tukishakuwa salama mmoja wetu anaitikia, ndipo jiwe linaachiwa. Alhamisi debe liligongwa, mimi nikaendelea kukusanya mawe. Wambura, nyapara wetu, hakusubiri kuniita, alinivuta kwa kola hadi vifungo vikakatika. Aliyeitikia alidhani tumeshatimia. Jiwe lilipita pale nilipokuwa nimeinama, likakata beleshi langu.

Wenzangu walicheka, maana ndivyo tunavyofanyaga tukiogopa. "Muha unaota mihogo ya kwenu mchana kweupe?" mmoja akasema. "Anasubiri jiwe limpigie hodi," akasema mwingine. Nikacheka nao. Nikasema ni upepo wa ziwa, ulipeleka sauti upande mwingine.

Debe huwa liko kulia kwangu. Injini ya mashine pia, ikinguruma sikioni miezi yote hii.

Jioni nilifikiria kuomba nihamishiwe juu, niwe mimi wa kugonga debe. Nilifurahi kwa muda mfupi. Kisha nikakumbuka kwamba mtu wa juu husubiri jibu. Nikidhani nimesikia "tayari" wakati hakuna aliyesema, jiwe litamkuta mwingine, na huenda huyo hatakuwa na Wambura karibu. Pale hakuna mahali panapomfaa mtu wa sikio moja.

Kabla ya kuandika haya, Magesa aliniacha nisikilize kwenye viboksi vyake sauti ambayo shemeji yangu alinitumia. Binti yangu Furaha ameanza kuongea. Kwenye simu nilikuwa nasikia "baba" tu na kelele. Leo nimesikia mvua kwenye bati letu, kijiko kikianguka, na mke wangu Esta akimnong'oneza, "Mwambie aje." Neno hilo lilikuwemo siku zote, na mimi nilikuwa sijalisikia.

Nilimwahidi Esta nitarudi Pasaka. Sioni tena kwa nini nisubiri hadi Pasaka.

Kesho, kabla mashine haijawashwa, nitamwambia Wambura ukweli, mbele ya wale wanaocheka. Akinitoa siku hiyo hiyo, sawa. Akiniacha nimalizie oda ya kokoto ya kwenda Butiama, nitaomba yeye asimame kulia kwangu. Hospitali nitapita pia, ingawa najua watakachoniambia. Hata hivyo, usiku huu kila mlango unapofungwa ndani ya nyumba hii nageuza kichwa kizima, na sijui ni mlango upi.

Shemeji, msomee dada yako hapa. Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu natarajia kushuka Kasulu stendi. Mkija kunipokea, mtoto akae kushoto kwangu.