Nilikimbia Makato ya Benki, Nikatumbukia Kwenye Kwaya

Mpendwa mshauri Bi Maleksultan, shikamoo. Naomba msaada, na kama utacheka nitaelewa, maana haya yangekuwa ya mtu mwingine mimi mwenyewe ningecheka mpaka nikohoe, ila ukimaliza kucheka nakuomba unijibu upesi kwa sababu Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu natakiwa kuweka saini, na nikiiweka nimekwisha.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na sita, mzaliwa wa Akheri, sasa naishi Olasiti na mke wangu Agnela na mtoto wetu Ezra. Kazi yangu ni ya mtandaoni, naandika yale maneno ya Kiswahili yanayopita chini ya video, na mteja wangu mkubwa ni Mjerumani mmoja anaitwa Hans ambaye ana video nyingi sana za ufugaji wa nyuki, kiasi kwamba sasa hivi najua habari za malkia wa nyuki kuliko za ukoo wangu. Agnela ni fundi cherehani kule Ngaramtoni, anashonea mashine ya kukodi ya dada Reshma mwenye duka la vitambaa, na dada Reshma anafunga duka, akasema mashine anaiuza milioni moja na laki moja, Agnela ana nafasi ya kwanza mpaka mwisho wa mwezi huu, baada ya hapo kuna fundi mwingine yuko tayari na pesa mkononi. Bila ile mashine mke wangu hana kazi. Kwa hiyo tangu Januari tulikubaliana pesa zote za mtu wa nyuki, maana ndivyo Agnela anavyomjua, jina wala nchi yake hajawahi kuuliza, zikae benki bila kuguswa.

Sasa tatizo langu, Bi mkubwa, ni ubahili. Makato ya benki yananiuma kama jino. Nilinunua daftari nikazunguka benki tano za mjini Arusha, nikaandika ipi inakata nini, na nilizunguka kwa mguu kutoka Olasiti ili nisitoe nauli, soli ya kiatu ikaachia, fundi viatu akanitoza elfu sita, hiyo sikuiandika kwenye daftari. Benki moja ya karibu na Mnara wa Saa, binti wa pale aliniambia kupokea pesa kutoka nje ni bure ila akaunti inakatwa elfu mbili na mia tano kwa mwezi. Nikamuuliza, "Kila mwezi?" Akasema, "Kila mwezi, kaka." Nikauliza tena. Akarudia. Nikatoka pale kama mtu aliyetukaniwa mama yake.

Desemba nilikuwa nimechaguliwa katibu wa kwaya ya usharika wetu, naimba besi, na mwanzoni mwa Januari nikatumwa benki kupeleka majina ya viongozi wapya, na hapo ndipo shetani aliponikuta, ingawa kusema kweli shetani hakufanya kazi yoyote, nilijihudumia. Niliuliza tu kwa kupitisha muda kwamba akaunti hii ya kwaya inakatwa kiasi gani, nikajibiwa kwamba akaunti za vikundi vya dini hazikatwi chochote kwa mwezi, na kupokea pesa ni bure kabisa. Bure! Usiku ule sikulala vizuri kwa furaha. Na kwa kuwa ule mtandao ninaopatia kazi, ambao hunilipa kwa dola, unataka jina la mfanyakazi lifanane na jina la akaunti ya benki, nikajisajili upya kwa jina la kwaya. Hans naye hakuuliza kitu, tangu siku hiyo ananiandikia "Ndugu Kwaya, kazi nzuri."

Nilipanga nimweleze mwenyekiti wetu, Mzee Gerson, mwalimu mstaafu, kwamba kuna vijisenti vyangu vinapita humo, maana kutoa pesa kwenye ile akaunti kunahitaji saini tatu, yake, ya mtunza hazina wetu Mama Tekla, na yangu. Yaani niliwaza sana jinsi ya kuingiza pesa bila makato, jinsi ya kuzitoa sikuwaza kabisa. Kila Jumamosi ya mazoezi nikasema nitamwambia Jumamosi ijayo, ikapita miezi minane.

Mwanzoni mwa mwezi huu Mama Tekla akaenda kuchukua taarifa ya benki bila kunitaarifu. Baada ya mazoezi akasimama na karatasi mkononi.

"Bwana asifiwe, wapendwa."

"Ameni."

"Mbali na michango yetu, tuna milioni moja laki nane na sitini ambazo hakuna aliyezichanga. Zimetoka Ujerumani, kwa mtu anaitwa Hans." Halafu akaanza kulia.

Mzee Gerson akapiga goti lake kwa kiganja. "Hans! Si yule mgeni mwenye upara, aliyekuja na wale wenzake mwaka ule? Aliyekula ndizi nyama akaongeza mara mbili! Mimi nilisema, yule mtu ana moyo."

Nilifungua mdomo niseme, nakuapia Bi Maleksultan nilifungua, lakini kabla sauti haijatoka kikapigwa kigelegele ambacho sijawahi kukisikia pale kanisani, nikageuka, nikaona ni Agnela, soprano wa kwanza, mke wangu wa ndoa, anamshangilia Mungu kwa pesa za mashine yake mwenyewe. Nikaufunga mdomo. Likapitishwa kapu la shukrani palepale, Agnela akatoa elfu ishirini, malipo ya sare za shule alizoshona wiki nzima. Mimi nilitoa mia tano.

Haikuishia hapo. Kwa kuwa mimi ndiye katibu niliagizwa kumwandikia Hans barua ya shukrani na kuisoma kanisani Jumapili, nikaiandika, nikaisoma, na Mchungaji akasema barua ile imeandikwa kwa machozi, jambo ambalo ni kweli tupu. Bado iko kwenye begi langu. Wakaamua kununua kinanda kwenye duka la Krunal pale mjini, milioni moja na laki saba, tukatanguliza laki tano, na fomu ya kutoa hizo laki tano ina saini tatu, ya tatu ni yangu, nimeiweka vizuri sana na mstari chini yake. Jumamosi tunatoa zilizobaki.

Nyumbani Agnela ananiuliza, "Baba Ezra, zile pesa zipo?" Namwambia, "Zipo, Mama Ezra, na hazijakatwa hata senti." Anafurahi.

Bi mkubwa, nifanyeje? Na pili, najua si wakati wake, lakini nikifanikiwa kuzihamisha kwenda kwenye akaunti yangu, kuna njia ya kuhamisha bila makato?

Wako mwenye aibu, Elihuruma wa Olasiti. Tafadhali ficha jina langu.

BI MALEKSULTAN ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Nilikaa nyuma ya dirisha la benki hapa Arusha miaka thelathini na moja kabla ya kupewa safu hii. Nimeona waume wakiwaficha wake pesa, wake wakiwaficha waume, na mzee mmoja aliyekuja kuzificha asizione yeye mwenyewe. Aliyezificha kwenye kwaya hajawahi kunijia. Nimecheka, umeniruhusu. Sasa nyamaza unisikilize.

Wewe si mwizi. Pesa ni za jasho lako na za nyuki wa watu. Lakini umejiita kwaya mbele ya mteja, umekaa kimya mbele ya kanisa, na umemwambia mkeo "zipo" kwa namna ya mtu anayejua hazipo. Hilo la tatu ndilo lililonikasirisha. Mficha uchi hazai, na wewe umeuficha wako kwa joho la kwaya.

Jina nimelificha kama ulivyoomba, hilo hapo juu nimekutungia mimi, pamoja na majina ya wenzako. Lakini usijidanganye. Arusha nzima kuna makatibu wa kwaya wangapi waliosoma barua ya shukrani kwa Mjerumani mwezi huu? Gazeti linatoka leo Alhamisi, na mafundi cherehani wote ninaowajua hufungia nguo za wateja kwa gazeti. Kwa hiyo ukiyasoma haya asubuhi, panda gari uende Ngaramtoni, ulipe nauli kama watu, ukamwambie Agnela kabla hajamfungia mtu gauni. Mwambie yote, hata ile mia tano. Atanuna. Acha anune, ana haki yake.

Jioni nendeni wote wawili kwa Mzee Gerson, mkamkute na Mama Tekla. Beba karatasi: kila kazi uliyomfanyia Hans, tarehe yake na malipo yake, uzilinganishe na taarifa ya benki mstari kwa mstari. Mwalimu mstaafu haelewi machozi, anaelewa kazi iliyoonyeshwa hatua zake. Jumamosi fomu ya kinanda usiisaini. Simama mbele ya kwaya useme mwenyewe, kwa hiyo besi yako, asikusemee mtu. Watakucheka miaka mitano. Kucheka hakukatwi.

Zile laki tano zilizokwenda dukani, muombeni mwenye duka azirudishe. Akikataa, usiidai kwaya hata shilingi, maana saini ni yako. Hayo ndiyo makato yako, na ni makubwa kuliko ya benki zote tano za kwenye daftari lako. Zinabaki milioni moja laki tatu na sitini. Mashine ni milioni moja na laki moja. Inanunulika, lakini wiki hii, si Jumamosi ijayo.

Sasa hilo la akaunti, maana najua ndilo linalokuwasha. Fungua kwa jina lako, lilelile la kwenye kitambulisho, na ukajisajili upya kule mtandaoni, Hans ajue anazungumza na mtu. Ukifika benki usiulize makato ya mwezi peke yake. Uliza dola ikiingia inageuzwa shilingi kwa bei gani, kwa sababu makato makubwa hujificha humo na hayabandikwi ukutani. Uliza kupokea ni kiasi gani, na kutoa pia, maana wewe kutoa huwa unasahau. Na kama mtandao wenu unakata kila unapotoa, ngoja pesa zijae kidogo utoe mara moja. Kwa maelezo yako, yule binti wa Mnara wa Saa hakukutukana. Rudi kwake, ukamuulize hilo la bei ya dola, akikujibu vizuri fungua. Kuhusu kuhamisha bila makato, lipa, mwanangu. Lipa tu.

Jambo la mwisho. Nilikuwa karani wa benki, siwezi kuona namba nikaziacha. Elfu mbili na mia tano kwa miezi minane ni elfu ishirini. Hiyo ndiyo pesa yote uliyokuwa unaikimbia. Na elfu ishirini ndiyo aliyoitoa Agnela kwenye kapu, akimshukuru Mungu kwa ajili ya mtu asiyemjua. Siku mtakapokaa kutenganisha pesa zako na za kwaya, hiyo usiiguse. Katika akaunti ile nzima, ndiyo pekee iliyoingia bila mtu kuuliza itakatwa ngapi.